Gundi ya Mgunga na Tumbo Linalouma

Mtu akiumwa tumbo kijijini, mara nyingi dawa ya kwanza haitoki dukani. Inatoka porini. Mzee hunyoosha mkono, akabandua donge la gundi katika shina la mgunga. Donge hilo huoshwa, likalowekwa katika maji, na mgonjwa akanywa. Wengine hulitafuna tu kama peremende.

Je, jambo hili ni jema au ni baya? Wapo wanaosema kwamba dawa za miti ni ujinga wa zamani. Wapo wengine wanaosema kwamba dawa za miti hutibu kila kitu, na kwamba zahanati ni ya watu waliosahau kwao. Mimi naona pande zote mbili zinakosea. Katika ukurasa huu nitaeleza kwa nini.

Ndugu msomaji, usikubali maneno yangu kwa sababu tu yamepigwa chapa. Yasome, yapime, kisha mjadiliane darasani.

Si kila kinachotoka mtini ni kimoja

Kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Mti ukijeruhiwa hutoa maji mazito. Maji hayo hukauka na kuziba jeraha, kama damu inavyoganda juu ya kidonda cha mtu. Lakini maji hayo si ya aina moja. Yapo ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni gundi. Gundi huyeyuka katika maji. Gundi ya mgunga ni ya aina hii. Haina uchungu wala harufu kali.

Aina ya pili ni kama ubani, manemane na sandarusi. Hizi haziyeyuki vizuri katika maji. Ukizitia motoni hutoa moshi wenye harufu. Ubani na manemane hutoka katika nchi kavu kama Somalia, Ethiopia na kaskazini ya Kenya, na ubani hutoka pia Oman. Sandarusi ilichimbwa ardhini katika pwani yetu na kuuzwa ng'ambo katika karne ya 19, ili kutengeneza vanishi. Miti ya jamii ya manemane imo pia katika vichaka vya Tanzania ya kati.

Aina ya tatu ni utomvu mweupe kama maziwa. Mnyaa hutoa utomvu wa namna hii. Huu ni sumu. Ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu. Ukinywewa huchoma mdomo, koo na tumbo.

Watu wengi huziita aina zote hizi kwa jina moja, utomvu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu husikia kwamba utomvu wa mti hutibu tumbo. Hamuulizi msemaji ni mti gani. Kesho anakwenda porini na kuchukua utomvu wa mti wowote. Mti mmoja ni chakula, na mti wa pili ni sumu.

Gundi ya mgunga ni mali

Mkoa wa Singida una migunga ya aina nyingi. Mkoa huu ni mmoja wa mikoa ya Tanzania ambako gundi ya mgunga hukusanywa na kuuzwa. Katika biashara ya dunia Sudan ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuuza gundi hii.

Wanunuzi huifanyia nini? Viwanda huitia katika soda, katika peremende na katika vidonge vya dawa. Zamani ilipakwa nyuma ya stempu za barua ili zishike. Ilitiwa pia katika wino, ili rangi ya masizi ishikamane na karatasi. Kwa hiyo mti unaoota karibu na zizi lako umesaidia watu wengi duniani kuandika barua zao. Huo si mti wa kudharau. Anayeukata hovyo kwa ajili ya mkaa anakata mali yake mwenyewe.

Gundi inafanya nini tumboni?

Gundi ya mgunga haisagwi na tumbo kama ugali. Hupita mpaka katika utumbo mpana. Huko vijidudu vyema vinavyokaa ndani yetu huila. Ukila kidogo haina madhara kwa watu wengi. Ukila nyingi tumbo hujaa hewa, na huenda ukaharisha.

Wataalamu wameichunguza. Huko Marekani watafiti waliitia katika maji ya chumvi na sukari na kuwapa panya waliokuwa wakiharisha. Waliona kwamba utumbo wa panya hao ulinyonya maji vizuri zaidi. Hii ni habari njema. Inaonyesha kwamba wazee waliowapa gundi watu wenye kuharisha hawakuwa wajinga. Walitazama, wakakumbuka, wakawafundisha watoto wao.

Lakini tusome habari hiyo mpaka mwisho. Panya hao hawakupewa gundi peke yake. Walipewa maji, chumvi na sukari, na gundi ikasaidia. Tena panya si mtoto. Mama akimpa mtoto anayeharisha kipande cha gundi bila maji ya kutosha, mtoto huyo atakauka. Hatauawa na gundi. Atauawa na kukosa maji.

Mtoto anayeharisha anahitaji nini? Anahitaji maji yenye chumvi na sukari mapema, tangu choo cha kwanza cha majimaji. Pakiti ya dawa hiyo hupatikana zahanati. Kama pakiti haipo, tengeneza mwenyewe hivi:

Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa.
Tia vijiko vidogo 6 vya sukari. Kila kijiko kiwe sawa na ukingo, kisirundikwe.
Tia nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.
Koroga mpaka viyeyuke. Mpe mtoto kidogo kidogo, mara nyingi.
Endelea kumnyonyesha na kumpa chakula.

Kisha mpeleke zahanati. Huko huenda akapewa pia vidonge vya zinki. Vidonge hivi humsaidia apone upesi. Mmalizie siku zote alizoandikiwa, hata kama ameacha kuharisha.

Jambo jingine ni maji ya kuloweka gundi. Gundi haiui vijidudu vya maji machafu. Ukiloweka gundi safi katika maji ya bwawa wanamonyweshea ng'ombe, umetengeneza ugonjwa mpya. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri katika maji. Mwaka 1973 Watanzania wengi walikusanyika katika vikundi vya redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kujifunza usafi wa maji. Fundisho lile halijachakaa. Chemsha maji kwanza, kisha loweka gundi yako.

Tumbo ni nyumba yenye vyumba vingi

Neno "tumbo linauma" ni neno moja, lakini magonjwa ni mengi. Mmoja ana minyoo. Mwingine ana kichocho cha tumbo. Wa tatu amekula chakula kilicholala. Wa nne ana kidole tumbo, naye anahitaji kupasuliwa leo hii. Wa tano ni mama mja mzito, na maumivu yake ni ya mimba. Wa sita ana vidonda vya tumbo. Haiwezekani kwamba wote sita watatibiwa na donge moja la gundi.

Tuangalie vidonda vya tumbo. Zamani hata madaktari walisema kwamba vidonda hivi huletwa na mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua aina ya bakteria inayoishi ndani ya tumbo. Jina lake ni Helikobakta pailori. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao, naye akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Siku hizi tunajua kwamba bakteria hao ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Chanzo kingine ni vidonge vya kutuliza maumivu kama aspirini na diklofenaki, mtu akivimeza kila siku. Kwa hiyo mtu anayemeza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, kisha anatafuna gundi kwa maumivu ya tumbo, anajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Vidonda vyenye bakteria hutibiwa kwa dawa kadhaa zinazotumiwa pamoja. Zipo za kuua bakteria, na ipo ya kupunguza tindikali ya tumbo. Mgonjwa huzimeza kwa siku 10 hadi 14. Gundi huenda ikatuliza mwako kwa saa chache, lakini bakteria wanabaki. Mtu hudhani amepona, kumbe kidonda kinaendelea kuchimba. Siku moja anatapika damu.

Kujaribu katika chupa na kujaribu katika mtu

Zipo habari mbili kutoka nchi nyingine zinazotufaa.

Katika kisiwa cha Chios, nchi ya Ugiriki, watu hukusanya utomvu mgumu wa mti mdogo na kuutafuna. Tangu kale wamesema kwamba unatibu tumbo. Mwaka 1998 wataalamu huko Uingereza waliutia katika chupa pamoja na bakteria wa vidonda vya tumbo. Bakteria walikufa. Watu wengi walifurahi, na utomvu huo ukauzwa kama dawa. Lakini mwaka 2003 wataalamu wengine waliwapa utomvu huo wagonjwa wachache wenye bakteria hao. Walipowapima tena, bakteria walikuwa bado wamo.

Habari ya pili ni ya Misri. Huko ilitengenezwa dawa ya vidonge kutokana na manemane, na ikaruhusiwa kuuzwa ili kutibu kichocho. Waliotangulia kuijaribu waliisifu sana. Kisha watafiti wengine waliijaribu kwa watoto wa shule na kwa watu majumbani, wakailinganisha na prazikwanteli, yaani vidonge vya kichocho vinavyotolewa hata kwetu. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba dawa ya manemane iliponya watu wachache sana. Prazikwanteli iliponya wengi zaidi.

Habari hizi hazisemi kwamba dawa zote za miti ni uongo. Zinasema kwamba sifa si ushahidi. Dawa hupimwa kwa kuhesabu waliopona na wasiopona. Sisi vijijini huwa tunamkumbuka mmoja aliyepona na kumsimulia miaka kumi. Wale watano wasiopona tunawazika na kunyamaza.

Serikali haikuzikataa dawa za asili

Wako wanaodhani kwamba kusema haya ni kuwadharau waganga wetu. Sivyo. Mwaka 1974 Tanzania ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili huko Muhimbili, Dar es Salaam. Kitengo hicho baadaye kikawa taasisi. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chini ya sheria hiyo liko baraza linalowaandikisha waganga.

Maana yake ni nini kwako? Maana yake ni kwamba una haki ya kumwuliza mganga kama ameandikishwa. Una haki ya kuuliza jina la mti. Una haki ya kuuliza kiasi cha kunywa, na siku ngapi. Mganga wa kweli hataona haya kujibu. Lakini yule mwenye meza mnadani, anayeuza chupa moja kwa tumbo, mgongo, kisukari na mapenzi, huyo hana jibu. Kuuliza si ujinga. Mpe mgongo uende zako.

Kalamu yako ni sehemu ya dawa

Sasa nifikie jambo ninalolitaka hasa. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Usiiache kalamu yako darasani. Ipeleke katika mambo ya afya ya nyumba yako.

Nunua daftari dogo. Mtu wa nyumbani akitumia dawa ya mti, andika mambo matano:

1. Jina la mgonjwa na umri wake.
2. Anaumwa nini, na tangu siku gani.
3. Jina la mti, na sehemu iliyotumika: gundi, mizizi, majani au gome.
4. Kiasi alichokunywa, na mara ngapi kwa siku.
5. Kilichotokea baada ya siku moja, na baada ya siku mbili.

Daftari hili lina faida tatu. Kwanza, linakuonyesha ukweli. Baada ya mwaka mmoja utahesabu mwenyewe ni wangapi walipata nafuu na wangapi hawakupata.

Pili, linamsaidia mganga wa zahanati. Wagonjwa wengi huficha dawa za miti kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Mganga wa zahanati naye hutoa vidonge bila kujua kilichomo tumboni tayari. Dawa mbili zinaweza kupigana ndani ya mtu mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayeficha dawa aliyokunywa, naye yuko katika njia hiyo hiyo. Hapa niseme pia na waganga wa zahanati: mkimgombeza mgonjwa aliyesema kweli, kesho hatasema tena. Msikilizeni kwanza, kisha mfundisheni.

Tatu, daftari linatunza elimu ya wazee. Bibi anayejua miti arobaini akifa bila kuandikwa, miti hiyo itabaki kuwa kuni tu. Kaa naye. Mwulize. Andika jina la mti kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo, na kwa Kiswahili kama linajulikana. Andika pia miti ambayo bibi anasema ni sumu. Hiyo nayo ni elimu kubwa.

Dalili ambazo hazingoji

Mtu mzima mwenye tumbo linalosumbua kidogo, kwa sababu ya kula vibaya, anaweza kutafuna gundi ya mgunga anayoijua vizuri. Sioni ubaya. Lakini akiona nafuu haiji kwa siku mbili, aende zahanati.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata siku moja. Mwenye dalili hizi apelekwe zahanati au hospitali mara moja:

Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
Choo chenye damu.
Tumbo gumu kama ubao, au maumivu makali yaliyohamia upande wa kulia chini.
Kuharisha maji mengi mfululizo.
Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, asiyeweza kunywa, au mlegevu.
Homa kali pamoja na maumivu ya tumbo.
Mama mja mzito mwenye maumivu ya tumbo.

Mama mja mzito asipewe manemane, wala dawa yoyote ya mti, bila kuuliza zahanati. Manemane inaweza kusumbua mimba. Mtoto mchanga naye asipewe gundi. Katika miezi sita ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama tu.

Najua zahanati nyingine ziko mbali, na nauli ni tatizo. Najua pia kwamba siku nyingine mtu hufika akaambiwa dawa zimekwisha. Hayo ni malalamiko ya haki, na yapelekwe katika mkutano wa kijiji, yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Lakini umbali wa zahanati ndiyo sababu ya kuondoka mapema. Mgonjwa anayeondoka siku ya kwanza anatembea kwa miguu yake. Anayengoja siku ya tano anabebwa.

Basi tuitunze migunga yetu, tuwaheshimu wazee wetu, na tuwahi zahanati. Mambo haya matatu hayagombani. Anayeyagombanisha ni yule asiyeuliza.

Maswali ya majadiliano

1. Taja aina tatu za maji mazito yanayotoka katika miti. Ni ipi iliyo sumu?
2. Mtoto anayeharisha anahitaji nini kabla ya yote? Onyesheni darasani jinsi ya kutengeneza.
3. Kwa nini dawa iliyoua bakteria katika chupa haikuwaondoa ndani ya watu?
4. Kijijini kwenu watu hutumia utomvu wa miti gani? Andikeni majina yake ubaoni.
5. Kwa nini wagonjwa huficha dawa za miti wakifika zahanati? Kijiji kifanye nini?